Mdudu na Mmea Wake: Namna ya Kusoma, Kuchagua na Kutunza Michoro ya Kale ya Wadudu

Michoro ya kale ya wadudu, yaani picha zilizochorwa kwa mkono na kuchapishwa vitabuni kati ya karne ya 17 na ya 19 kwa ajili ya kueleza maumbile, imekuwa pambo la kawaida kwenye kuta za hoteli, kadi za salamu na majalada ya vitabu, na wengi wanaoinunua huichagua kwa sababu ya rangi zake tu. Kupenda rangi si kosa, lakini anayeishia hapo hupitwa na sehemu kubwa ya thamani ya kile alichokinunua. Liko kundi moja la michoro hiyo linalomwonyesha mdudu katika makazi yake asilia, akiwa juu ya mmea anaoula, pamoja na mayai yake, kiwavi wake, pupa wake na hata adui zake, na kundi hilo linastahili kuhesabiwa miongoni mwa hati za sayansi. Makala haya yanamshauri mwalimu, mkutubi, mnunuzi na mchoraji namna ya kuisoma michoro hiyo, kuichagua, kuitunza na kuitumia. Hoja inayoyaongoza ni moja: mchoro wa aina hii ni ushahidi wa uhusiano kati ya mdudu na mmea, na kila uamuzi unaofanywa juu yake, tangu kuusoma hadi kuutundika ukutani, unapaswa kuulinda uhusiano huo.

Chimbuko la mtindo huu

Katika karne ya 17 wasomi wengi wa Ulaya bado waliamini kwamba wadudu huzaliwa wenyewe kutokana na tope, mavi au nyama iliyooza. Mwaka 1668 tabibu wa Italia, Francesco Redi, alionyesha kwa majaribio kwamba funza hawatokei katika nyama iliyofunikwa nzi wasiweze kuifikia, lakini imani ya zamani haikufa mara moja. Vitabu vingi vya wakati ule viliwaonyesha wadudu wakiwa wamepangwa kwa safu juu ya ukurasa mtupu, kama vielelezo vya kabatini, bila kumwambia msomaji kila mmoja anakula nini, anataga wapi na ametokana na kiwavi yupi.

Aliyeubadilisha utaratibu huo kwa kiasi kikubwa ni Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647 katika familia ya wachongaji na wachapaji wa picha, na ambaye mwaka 1660, akiwa na umri wa miaka 13, alianza kufuga viwavi wa hariri na kuandika aliyoyaona. Mwaka 1679 alichapisha sehemu ya kwanza ya kitabu chake juu ya viwavi wa Ulaya, yenye picha 50, na mwaka 1683 akatoa sehemu ya pili yenye picha 50 nyingine. Katika kila ukurasa mmea mmoja ulibeba hatua mbalimbali za maisha ya mdudu anayeutegemea, yaani metamofosisi, mabadiliko ya umbo kutoka yai hadi kiwavi, kutoka kiwavi hadi pupa, ambayo ni hatua ya kutulia ndani ya ganda, na kutoka pupa hadi mdudu kamili mwenye mabawa. Mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alisafiri pamoja na binti yake mdogo, Dorothea Maria, hadi Suriname, koloni la Waholanzi huko Amerika Kusini, akakaa karibu miaka miwili kabla ya maradhi kumlazimisha kurudi Amsterdam mwaka 1701. Kazi aliyoifanya huko ilichapishwa mwaka 1705 kwa jina la Metamorphosis Insectorum Surinamensium, ikiwa na picha 60 katika kurasa kubwa zenye urefu wa karibu nusu mita, ili wadudu wengi waonekane kwa ukubwa wao halisi.

Waliofuata njia hiyo ni wengi. August Johann Rösel von Rosenhof wa Nuremberg alichora wadudu wa Ujerumani kuanzia miaka ya 1740, na Moses Harris wa Uingereza akachapisha mwaka 1766 kitabu kiitwacho The Aurelian, kinachowaonyesha vipepeo na nondo pamoja na mimea wanayoila. Kati ya mwaka 1824 na 1839 John Curtis alitoa British Entomology yenye kurasa 770 za picha. Anayeanza kujifunza sanaa hii atanufaika zaidi akikitazama kitabu kimoja kwa kina kabla ya kuparamia vingi, na kitabu cha Suriname kinamfaa msomaji wa Afrika Mashariki kuliko vingine, kwa sababu nanasi, muhogo, mpera na mpapai vilivyochorwa humo ni mimea ya asili ya Amerika iliyokwisha kuwa ya kawaida katika mashamba ya kwao.

Maswali manne ya msomaji makini

Mtazamaji anashauriwa kuukabili kila mchoro kwa maswali manne, akiyauliza kwa mpangilio. Swali la kwanza ni hili: mmea uliochorwa ni chakula cha mdudu, au ni pambo? Wachoraji hawakuwa na kanuni moja. Curtis, kwa mfano, alieleza katika anwani ndefu ya kitabu chake kwamba mimea wanakopatikana wadudu imeonyeshwa mara nyingi, yaani si kila mara, na kwa hiyo msomaji hana ruhusa ya kudhani kwamba kila ua lililo chini ya mbawakawa ndilo analokula. Hata katika kazi ya Merian wapo wadudu waliowekwa juu ya mmea kwa ajili ya kuujaza ukurasa, na mara nyingi maelezo yake mwenyewe ndiyo yanayoonyesha wapi alifanya hivyo.

Swali la pili ni kama hatua zote za maisha zilizochorwa ni za mdudu mmoja. Jicho lianze kwa yai au kiwavi, liende kwa pupa, kisha kwa mdudu kamili, na kila mara lichunguze kama idadi ya miguu, mpangilio wa madoa na umbo la ganda vinaafikiana na kundi moja. Kiwavi wa kipepeo au wa nondo ana miguu sita ya kweli karibu na kichwa, na nyuma yake ana vijiguu vinene vya kushikia jani, visivyozidi jozi tano. Mchoro unaozionyesha sehemu hizo bila kuzichanganya ni dalili nzuri kwamba mchoraji alikuwa na kiumbe hai mbele yake.

Swali la tatu ni lipi kati ya yaliyochorwa mchoraji aliliona kwa macho yake, na lipi alilisikia tu. Ukurasa wa 18 wa kitabu cha Suriname unafaa sana kwa zoezi hili. Tawi la mpera limekatiza ukurasa mzima, majani yake yakiwa yametobolewa na mengine kubaki mishipa mitupu. Chungu wakata majani wanapanda na kushuka, wengine wameshikana miili na kufanya daraja la kuvukia kutoka kijiti hadi kijiti, na upande wa chini buibui mkubwa mwenye manyoya amemlalia kolibri, ndege mdogo sana wa Amerika, aliyelazwa chali karibu na kiota chake. Wataalamu wa baadaye wameonyesha kwamba hapo zimechanganywa tabia za aina mbili za chungu, kwa kuwa wanaokata majani ni kundi moja, na wanaojenga madaraja kwa miili yao ni kundi jingine la Amerika lenye mwenendo unaofanana na wa siafu. Hata hivyo sehemu iliyodhihakiwa zaidi, yaani ya buibui anayekula ndege, ndiyo iliyokuja kuungwa mkono. Makala ya mtaalamu wa maumbile Lansdown Guilding, iliyochapishwa mwaka 1834, iliishambulia kazi ya Merian kwa ukali, lakini mwaka 1863 mtafiti wa wadudu Henry Walter Bates aliandika katika kitabu chake juu ya Mto Amazon kwamba alimwona buibui wa aina hiyo akiwa amewakamata ndege wadogo. Msomaji ajifunze mambo mawili hapo: ukurasa mmoja unaweza kubeba kosa na ukweli kwa pamoja, na jambo la ajabu lisikataliwe kwa sababu tu ni la ajabu.

Mfano wa pili ni wa mdudu wa jenasi ya Fulgora, mwenye kichwa kirefu kilichovimba kama ganda la karanga, ambaye Merian alimchora pamoja na mkomamanga. Maelezo yake yanasema kichwa hicho hutoa mwanga mkali usiku, jambo ambalo watafiti waliofuata hawakulithibitisha, na katika picha yupo pia mdudu mmoja aliyeunganishwa kichwa cha Fulgora na mwili wa nyenje. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeweka utaratibu wa majina ya viumbe, alimpa mdudu wa Fulgora jina lililobeba dhana hiyo ya kutoa mwanga kama taa, nalo linatumika hadi leo. Kanuni inayopatikana ni kwamba pale mchoraji anaposema alimfuga mdudu mwenyewe tangu kiwavi, ushahidi wake upewe uzito mkubwa, na pale anaposimulia habari ya kupokea, msomaji atafute ushahidi wa pili.

Swali la nne ni nani waliosaidia kuupata ujuzi ule. Suriname ya wakati huo ilikuwa nchi ya mashamba ya miwa yaliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani, na Merian mwenyewe anaandika kwamba watumwa walimfungulia njia msituni kwa mapanga, walimletea viwavi, na pamoja na wenyeji wa asili walimweleza matumizi ya mimea. Majina yao hayakuandikwa. Mwalimu au mwandaaji wa maonyesho anayeitumia michoro hii leo anawajibika kuwataja kama kundi, kwa kuwa bila macho na mikono yao kitabu hicho kisingekuwa kama kilivyo.

Picha isitengwe na maandishi yake

Ushauri unaosahaulika kuliko yote ni kwamba ukurasa wa picha usomwe pamoja na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili yake. Ukurasa wa 45 wa kitabu cha Suriname unaonyesha mti mdogo wenye maua mekundu na ya manjano, ambao wataalamu wa mimea wanauita Caesalpinia pulcherrima na ambao hupandwa bustanini katika nchi nyingi za joto, ukiwa na kiwavi na nondo wake. Anayeitazama picha peke yake ataona uzuri mtupu. Maandishi, kwa upande wake, yanaeleza kwamba wanawake waliokuwa utumwani walitumia mbegu za mmea huo kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe watumwa kama wao, na kwamba walimwambia Merian jambo hilo kwa vinywa vyao wenyewe. Picha iliyochanwa kitabuni na kuuzwa peke yake imepoteza ushahidi huo wote.

Kwa sababu hiyo mnunuzi anashauriwa kutonunua ukurasa uliokatwa karibuni kutoka kitabu kizima, kwani kila ununuzi wa namna hiyo unampa muuzaji sababu ya kukata kitabu kingine. Kurasa zilizotengana na vitabu vyao miaka mingi iliyopita zinaweza kununuliwa kwa dhamiri safi, mradi muuzaji aeleze kwa maandishi jina la kitabu, mwaka wa chapa na mahali ukurasa ulikotoka. Muhuri wa maktaba au alama ya muhuri uliofutwa ni sababu ya kusitisha ununuzi mpaka maktaba husika iulizwe, kwa kuwa kurasa za picha huibwa.

Kutambua chapa ya asili

Chapa nyingi za karne ya 17 na ya 18 zilitengenezwa kwa bamba la shaba, yaani mistari ya picha ilichongwa kwa chuma chenye ncha kali au kuliwa na asidi, ikajazwa wino, kisha karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake kwa mashine. Ugandamizaji huo huacha bonde dogo la mstatili kuizunguka picha, ambalo kidole hulihisi na mwanga wa pembeni hulionyesha. Rangi zilipakwa kwa mkono baadaye, nakala moja baada ya nyingine, na ndiyo sababu nakala mbili za ukurasa uleule hazifanani kabisa, na rangi huvuka mstari hapa na pale. Karatasi ya kabla ya katikati ya karne ya 18 ilitengenezwa kwa matambara, na ikiinuliwa dhidi ya mwanga huonyesha mistari sambamba ya waya wa kalibu, na mara nyingine alama ya maji, yaani nembo ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi.

Chombo cha lazima kwa mnunuzi ni lenzi ndogo yenye uwezo wa kukuza mara 10. Chapa za kisasa zilizopigwa kwa mashine huonekana chini ya lenzi kama nukta ndogo za rangi nne zilizopangwa kwa mafungu, na ukurasa wenye nukta hizo si wa karne ya 18 hata karatasi yake ikiwa imechovywa chai ili ionekane kongwe. Katikati ya aina hizo mbili ipo lithografia, uchapaji wa kutumia jiwe la chokaa uliobuniwa na Alois Senefelder nchini Ujerumani katika miaka ya mwisho ya karne ya 18, ambao hauachi bonde la bamba na ambao mistari yake hufanana na ya kalamu ya nta. Ipo pia nakala ya kinyume, inayopatikana kwa kuigandamiza karatasi safi juu ya chapa ambayo wino wake haujakauka, na ambayo mistari yake ni hafifu na haina bonde. Merian alitoa nakala za aina hii, na kwa hiyo kukosekana kwa bonde peke yake kusichukuliwe kuwa dalili ya udanganyifu.

Utunzaji katika hali ya hewa ya joto

Adui wa karatasi ni mwanga, unyevu na wadudu, na wote watatu wapo kwa wingi katika ukanda wa pwani, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, ilhali watunzaji wa karatasi hulenga wastani wa asilimia 50. Njia salama kuliko zote ni kutundika nakala nzuri ukutani na kuiweka chapa ya asili ndani ya sanduku la kadibodi lisilo na asidi, kwenye rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni na isiyogusa ukuta wa nje. Anayependa kuitundika ya asili aichagulie ukuta wa ndani usiopigwa na jua, aweke kadibodi isiyo na asidi kati ya karatasi na kioo ili visigusane, na adhibiti mwanga. Makumbusho mengi huuwekea kikomo cha laksi 50, kipimo ambacho ni mwanga hafifu wa sebuleni.

Selotepu, gundi ya kawaida na ufunikaji kwa plastiki ya moto visitumike kabisa, kwa kuwa madhara yake ni magumu kuondolewa au hayaondoleki kabisa. Sanduku lifunguliwe mara moja kwa mwezi na kukaguliwa kama lina mende, mchwa, kuvu, au wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula gundi na wanga wa karatasi, na dawa ya kuua wadudu isipulizwe kamwe juu ya karatasi yenyewe. Tahadhari moja inahusu afya ya msomaji: baadhi ya rangi za kijani za karne ya 19 zilitengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu, na kwa hiyo vidole visilambwe wakati wa kufungua kurasa, na mikono ioshwe baada ya kazi.

Matumizi shuleni na nyumbani

Asiye na fedha za kununua chapa za kale hana haja ya kusikitika. Biodiversity Heritage Library, maktaba ya kidijitali iliyoanzishwa mwaka 2006 na muungano wa maktaba za maumbile na mimea, hutoa bure mtandaoni vitabu vingi vya aina hii pamoja na maandishi yake, na haki za waandishi waliofariki karne mbili au tatu zilizopita zimekwisha muda wake, ingawa masharti ya taasisi iliyopiga picha yasomwe kabla ya kuchapisha kwa biashara. Anayetaka kuchapa ukurasa wa A3 unaosomeka vizuri achague faili lenye upana wa pikseli zisizopungua 3,500 na urefu wa 5,000, kiasi ambacho hutoa nukta 300 kwa inchi.

Matumizi bora zaidi ni kuuendeleza mtindo wenyewe. Mwaka 1873 Carl Eduard Adolph Gerstaecker alichapisha kitabu juu ya wadudu na jamaa zao wa eneo la Zanzibar, waliokusanywa katika safari za Baron Carl Claus von der Decken, lakini wadudu wa kitabu hicho wamechorwa kama vielelezo vya kabatini, na mimea yao haipo. Ujuzi uliokosekana pale unapatikana hapa nyumbani, kwa mfano miongoni mwa wanavijiji wa kandokando ya Msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, ambao tangu mwaka 1993 wamekuwa wakifuga vipepeo katika mradi uitwao Kipepeo na wanajua kila kiwavi anakula majani gani.

Mwalimu anaweza kuanza na mlimao au mchungwa wa shuleni, ambao mara nyingi huwa na viwavi wa kipepeo aitwaye Papilio demodocus. Kiwavi huyo akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, jambo linalomficha machoni pa maadui, na akikua hugeuka kijani. Akiguswa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Wanafunzi wamweke ndani ya chombo chenye kitambaa cha wavu, wambadilishie majani kila siku, wachore kila hatua kwa ukubwa wake halisi juu ya tawi lilelile, na waandike tarehe kando ya kila umbo. Karatasi moja ikibeba yai, kiwavi, pupa, kipepeo, jani lililoliwa na tarehe za kuonekana kwake, tayari imetimiza masharti ya mchoro wa maumbile, hata kama mkono ulioichora bado haujakomaa.

Wakutubi, walimu na wazazi wanaombwa, basi, kuirudisha michoro hii mahali pake, yaani katika mafunzo, na kutoiachia kuta peke yake. Wadudu wengi wa Afrika Mashariki bado hawajachorwa pamoja na mimea wanayoitegemea, misitu inapungua, na anayemchora leo kiwavi juu ya jani lake kwa uaminifu anaacha ushahidi ambao watakaokuja watauhitaji.